Sura ya Sita: Muhuri wa Mgomba

Mpe mtoto wa darasa la kwanza karatasi tupu, mwambie achore anachotaka, kisha fuata macho yake. Yatakwenda kwa jirani. Baada ya muda mfupi dawati zima litakuwa limechora nyumba moja: mlango katikati, madirisha mawili, jua pembeni na miale yake. Watoto hao hawajaishiwa mawazo. Wanaogopa kukosea, na kalamu humwanika anayekosea mbele ya wenzake.

Uchapaji hauna woga huo. Mtoto anashika kitu, anakipaka wino, anakigandamiza kwenye karatasi, anakiinua. Alama imebaki. Ni ya kwake, ingawa kitu chenyewe nacho kimechangia, na hakuna wa kumwambia kwamba ameikosea. Akitaka ya pili, anagandamiza tena. Akitaka ishirini, anapata ishirini, na kufikia ya ishirini mkono umekwishajifunza mambo ambayo mwalimu hakuyasema. Kwa sababu hiyo naamini kwamba katika madarasa ya chini sanaa ianze na alama, picha ije baadaye. Sura hii haitamfundisha mwalimu kuchora hata tembo mmoja.

Naiandika nikiwaza shule za Izigo. Izigo ni kata ya Wilaya ya Muleba, mkoani Kagera, kwenye barabara itokayo Bukoba kwenda Muleba mjini. Ukitoka darasani huna haja ya kwenda mbali kufika kibanjani: migomba juu, mibuni chini yake, maharage katikati. Nakitaja kibanja kwa sababu ndicho duka la vifaa. Mwalimu huambiwa, na mara nyingi hujiambia mwenyewe, kwamba sanaa inataka rangi za dukani, brashi na karatasi za manila. Vikikosekana, kipindi kinageuzwa kuwa hesabu. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024, umeipa Sanaa na Michezo nafasi yake katika shule ya msingi. Lakini nafasi kwenye ratiba haimsaidii mwalimu anayeamini kwamba hana cha kufundishia.

Anacho. Achukue kikonyo cha jani la mgomba, ule mhimili mnene unaoliunga jani na shina, akikate kwa kisu kikali mkato mmoja ulionyooka. Ataona umbo la mwezi mwandamo, na ndani yake vyumba vidogo vilivyopangwa kwa safu, vikitenganishwa na kuta nyembamba. Ni vyumba vya hewa. Ndivyo vinavyoliwezesha jani refu namna ile kusimama juu ya mmea usio na mbao ndani yake. Kikonyo hicho kikigusishwa wino na kugandamizwa kwenye karatasi, kuta zote hutokea nyeusi na vyumba hubaki vyeupe, kwa unadhifu ambao mchongaji mzoefu angehitaji siku nzima kuupata. Kikonyo cha jani changa kina vyumba vidogo, cha jani kubwa vyumba vyake ni vipana. Chapa miezi miwili ikitazamana, unapata jicho. Ipange safu juu ya safu, magamba ya samaki yanajitokeza. Mtoto atayaona magamba hayo kabla hujamwambia, na samaki akimjia kwa njia hiyo ni samaki wake, hakumwiga mtu.

Vitu vingine viko tele na havihitaji maelezo marefu. Bamia ikikatwa kwa upana inatoa nyota. Kikonyo cha jani la mpapai kina uwazi ndani, kinachapa duara safi. Gunzi la hindi likiviringishwa linaacha njia ndefu ya vitundu. Jani la mbuni lina mishipa iliyonyooka vizuri. Lipake wino upande wa chini, ambako mishipa imevimba, lifunike kwa karatasi, kisha lisugue kwa mgongo wa kijiko. Katika miaka ya 1730 Benjamin Franklin, aliyekuwa mchapaji huko Marekani kabla ya kuwa mwanasiasa, alitumia chapa za majani kwenye noti za makoloni ili zisighushiwe, kwa kuwa hakuna majani mawili yenye mishipa inayofanana kabisa. Watoto wapewe nafasi ya kulihakikisha hilo wenyewe: kila mmoja achape jani la mti ule ule, kisha watafute mapacha darasani. Hawatawapata.

Kiazi, ambacho kila mtu hukitaja kwanza mtu akisema uchapaji wa shule, mimi nakiweka mwisho. Hakina umbo lake ndani; lazima kichongwe, na mtoto wa miaka sita asishike kisu. Tena kiazi ni chakula. Zipo nyumba ambako kiazi kile ni mlo wa mtu, na mtoto wa nyumba hiyo akiona mwalimu anakipaka mkaa ataondoka na funzo ambalo hatukulikusudia. Vikitumika, viwe vile vilivyoliwa na fukusi. Tena kiazi kitamu kikikatwa hutoa utomvu mweupe. Kifutwe na kuachwa kikauke kwanza, la sivyo wino haushiki. Mgomba hauna shida hiyo ya chakula. Huzaa mkungu mmoja tu. Mkungu ukishakatwa, shina huangushwa na kuachwa lioze shambani liwe mbolea. Darasa linaazima kile ambacho kibanja kimeshamaliza kukitumia.

Hapa lakini pana jambo zito ambalo mwalimu wa Muleba hawezi kulipuuza. Mnyauko wa migomba unaosababishwa na bakteria, ambao Kagera huitwa pia unyanjano, uliripotiwa kwa mara ya kwanza Tanzania mwaka 2006, na ni katika wilaya hii. Bakteria wake husafiri na wadudu wanaotembelea maua ya mgomba, na husafiri vilevile na visu na mapanga: kisu kilichopita kwenye mgomba mgonjwa kikikata mzima, kimeupanda ugonjwa. Kwa hiyo mwalimu asiwaambie watoto, “Kesho kila mtu aje na kipande cha mgomba kutoka nyumbani.” Agizo hilo dogo linaweza kutembeza ugonjwa kutoka kibanja hadi kibanja. Vikonyo vyote vitoke kwenye mgomba mmoja wenye afya, wa shule au wa jirani aliyekubali. Kisu kipitishwe motoni au kwenye dawa yenye klorini kabla na baada. Na mabaki yarudishwe chini ya mgomba ule ule. Watoto waelezwe sababu. Waonyeshwe na dalili: majani yanayonyauka na kugeuka njano, ndizi zinazoiva kabla ya siku zake huku ndani zina madoa ya kahawia, utomvu wa njano unaochuruzika shina likikatwa. Mtoto ambaye ameuchunguza mkato mzima wa mgomba kwa makini kiasi cha kuuchapa atautambua mkato mgonjwa.

Kuna utomvu pia. Mama yeyote wa Kagera anajua kwamba doa la utomvu wa mgomba kwenye shati jeupe la shule halitoki. Vikonyo vikatwe asubuhi na mapema, vioshwe, visimamishwe vichuje hadi saa ya kipindi. Watoto wavae viroba vya unga vilivyokatwa matundu matatu, la kichwa na ya mikono. Mzazi asiyeona shati limeharibika hatalichukia somo.

Sasa wino. Wino mzuri wa watoto unatengenezwa kwa mkaa na muhogo. Twanga mkaa, uchekeche kwa kitambaa cha kanga kuukuu mpaka upate unga unaoteleza vidoleni. Pika uji wa unga wa muhogo mpaka uache weupe na uanze kung'aa, uache upoe, kisha changanya. Uzito wake uwe wa mtindi. Ule uji ndio unaoushikamanisha mkaa na karatasi. Wayoruba wa Nigeria huutumia muhogo kwa namna nyingine, wakiupaka kwenye nguo ili kuizuia rangi ya nili isiingie pale walipochora. Uji wa leo ni wa leo. Ukilala siku mbili unachacha, na darasa zima litanuka.

Masizi ya chini ya sufuria yana weusi mkali kuliko mkaa, ila hayakubali maji. Tone la sabuni ya maji huyalainisha. Rangi ya pili iko barabarani na kwenye kila ukuta wa udongo: ule udongo mwekundu. Uponde, uchekeche, uloweke kwenye ndoo, koroga, subiri kidogo mchanga uzame, kisha mimina yale maji yenye matope laini kwenye chombo kingine na uyaache yatulie hadi kesho. Kinacholala chini ni rangi iliyo tayari, laini kuliko nyingi zinazouzwa. Manjano ya jikoni hutoa njano ya kupendeza, ingawa jua huifubaza upesi. Kitu kimoja nakikataza kabisa. Shule nyingi za vijijini zimezoea kupasua betri kuukuu za redio na tochi ili ule unga mweusi upakwe ubaoni. Usiguswe na mtoto. Una kemikali za sumu, na mtoto wa darasa la kwanza hulamba vidole. Wino wa mkaa na muhogo hata akiulamba utampa midomo myeusi tu.

Mwalimu akate sponji ya godoro kuukuu vipande vya ukubwa wa kiganja, aviweke kwenye vifuniko vya ndoo, avinyunyizie wino. Mtoto anagusa sponji, hachovyi. Wino ukizidi unajaza vile vyumba vya kikonyo na umbo linapotea; ndiyo maana chapa ya pili au ya tatu, bila kuongeza wino, huwa safi kuliko ya kwanza. Chini ya karatasi liwekwe gazeti lililokunjwa mara kadhaa, kwa kuwa dawati la mbao lenye mikwaruzo haliipokei chapa sawasawa. Jambo hili la gazeti linaonekana dogo. Nimeona mwalimu akiulaumu wino, akiulaumu mgomba, akiwalaumu watoto, na kilichokosekana kilikuwa gazeti.

Karatasi nzuri kuliko zote ni ya mfuko wa saruji. Ni imara, ina rangi ya kahawia inayopokea vizuri mweusi na mwekundu, na kila panapojengwa ipo. Mtu mzima abandue tabaka la ndani lililogusana na saruji alitupe, kwa kuwa vumbi lake huunguza ngozi, na watoto wapewe yale ya katikati. Kwa mazoezi ya kawaida, karatasi za mitihani ya zamani zenye upande mmoja mtupu zinatosha.

Mzazi atauliza, na ana haki ya kuuliza: mambo haya ya kugonga vikonyo kwenye karatasi yatamsaidia nini mtoto? Yapo majibu ya sasa, nami nitayatoa, lakini nataka kuanza na la zamani, kwa sababu wengi wetu tunadhani kazi hii ililetwa na wageni. Kemondo na Katuruka, huku huku Buhaya, nchi ya Wahaya, wanaakiolojia wamechimbua tanuri za kuyeyushia chuma za takriban miaka 2,000 iliyopita, pamoja na vyungu vya mtindo uitwao Urewe, vilivyochorwa mistari kwenye udongo ungali mbichi. Karne zilizofuata, wafinyanzi wa eneo zima la Maziwa Makuu walianza kutumia njia nyingine. Walisokota kamba ya nyasi au kuufunga ukanda wa jani mafundo, wakaiviringisha chini ya kiganja juu ya chungu kibichi. Kamba inazunguka, mafundo yanazama, mchoro unajirudia hadi chungu kimezungukwa chote. Mashine kubwa za kuchapa vitenge hufanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo: silinda yenye mchoro inazunguka, kitambaa kinapita chini yake.

Hili ni somo tayari. Watoto wa Kagera wanajua kusokota nyuzi za mgomba kavu, kwani ndizo wanazofungia mipira yao. Kila mmoja asokote kamba yake fupi, afunge mafundo apendavyo, aiviringishe juu ya kipande cha udongo mbichi. Wa mafundo mawili atapata mchoro mmoja, wa mafundo matano mwingine. Udongo ukikauka, wauwekee karatasi na kuisugua kwa ubavu wa penseli, mchoro uhamie kwenye karatasi. Wakati huo mwalimu anaweza kuwaambia kwamba watu waliokaa kwenye vilima hivi kabla yao walifanya kazi ile ile kwa mikono yao. Atakuwa anasema kweli.

Buhaya, kama ilivyokuwa Buganda, ilivaa nguo za magome kabla ya vitambaa vya dukani. Gome la mti wa jamii ya mkuyu, ambao Baganda huuita mutuba, hupondwa kwa nyundo za mbao zilizochongwa mifereji, na mifereji hiyo huacha mistari yake juu ya nguo yote. Ufundi huo wa Uganda uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika, baada ya kutangazwa mwaka 2005. Ng'ambo ya mpaka yupo msanii Fred Mutebi, mchapaji wa picha za mbao, anayetumia ubao mmoja kwa rangi zote: anachonga kidogo, anachapa rangi ya kwanza, anachonga tena ubao ule ule, anachapa ya pili, mpaka mwisho ubao umekwisha na picha imekamilika. Hapa kwetu, Nyumba ya Sanaa ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1972, ililea wachapaji wa mabamba ya chuma, Robino Ntila akiwa mmojawapo, ambao kazi zao zilinunuliwa na kutundikwa mbali na nchi hii. Kwa hiyo kazi ipo, na wapo walioishi kwayo. Hata hivyo sitamdanganya mzazi kwamba mtoto wake wa miaka saba anaandaliwa ajira.

Anachojifunza sasa hivi ni kingine, na kinagusa moja kwa moja Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Chukua herufi. Mpe mtoto kipande cha kandambili iliyokatika na kalamu iliyoisha wino. Raba ya kandambili ni laini. Ncha ya kalamu inaichimba bila kisu. Mwambie aandike IZIGO, akandamize kwa nguvu, apake wino, achape. Atainua na kushtuka. “Mwalimu, limegeuka!” Limegeuka kweli: O imekuja mbele, G inatazama upande usio wake, Z imepinda kinyume. Lakini I zote mbili ziko salama, na O haijaumia. Usimpe jibu. Muulize kwa nini hizo hazikuharibika. Acha darasa litafute herufi nyingine zisizojali kugeuzwa, nao watazipata: A, H, M, T, U, V, W, X, Y. Kisha waulize IZIGO iandikweje kwenye raba ili isomeke sawa kwenye karatasi. Wapo walimu wanaohofia kwamba mtoto anayechanganya b na d atapotea zaidi. Mimi nauona mchezo huu kuwa mahali pekee darasani ambapo mtoto anapewa sababu ya kulijali swali la herufi inatazama wapi. Kwenye daftari anasahihishwa tu. Hapa anaona kwa macho, anabishana na mwenzake, anarudia. Anayesitasita aruhusiwe kuandika kwanza kwenye karatasi nyepesi, aigeuze na kuishika dirishani, asome neno lake kwa nyuma.

Hesabu nayo imo. Safu nne za miezi mitano ni kuzidisha. Nyekundu, nyeusi, nyeusi, nyekundu, nyeusi, nyeusi ni mpangilio unaotabirika, na mtoto aliyeukosea atauona mwenyewe, kwa kuwa jicho hulijua pengo upesi kuliko akili inavyolitaja.

Kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja, na sote tunajua madarasa yanayokizidi. Wote wakichapa kwa pamoja ni vurugu. Nusu wachape, nusu wafanye kazi kavu ya kusugua: waweke sarafu chini ya karatasi na kupitisha ubavu wa penseli juu yake. Sarafu ya shilingi 50 itawatolea kifaru, ya 100 swala, ya 200 simba, ya 500 nyati. Kisha wasugue ukuta, ubao wa dawati, soli ya kiatu, jani kavu. Kipindi kikifika katikati wabadilishane. Kila kundi la wachapaji liwe na watoto wasiozidi sita na sponji moja, na mtoto mmoja awe msimamizi wa karatasi, mikono yake ikae safi. Nafasi hiyo wataigombea kuliko unavyotarajia.

Mwalimu mwenyewe afanye nini? Atembee, aulize. “Umekishika upande gani?” “Ukikigeuza itakuwaje?” “Hapa umeacha nafasi. Umependa iwe hivyo?” Asishike mkono wa mtoto, na asiongeze hata nukta kwenye karatasi yake. Margaret Trowell, aliyeanzisha masomo ya sanaa Makerere mwaka 1937, alikataa kuwafanya wanafunzi wake waige picha za Ulaya, akawataka waanze na vitu vya kwao na wanavyoviona wao. Miongoni mwa waliopita hapo ni Sam Ntiro, kijana kutoka Kilimanjaro, aliyechora maisha ya vijiji vya Uchagani na baadaye akawa balozi wa Tanganyika huko London. Mwalimu anayesahihisha chapa ya mtoto wa darasa la pili “ili ipendeze” anairudisha darasani ile nyumba moja ya dawati zima.

Wakishazoea, wapeni kazi kubwa ya pamoja, na kubwa inayofaa kuliko zote ni kanga. Kila mtoto ameiona, wengi wamebebwa nayo, na ni kitu kilichochapwa. Zile za mwanzo za pwani zilichapwa kwa mkono kwa vibao vilivyochongwa. Familia ya Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ambaye jina la “Mali ya Abdulla” linajulikana hadi leo, iko kwenye biashara hiyo tangu 1887. Unganisheni karatasi za saruji mpaka zifikie ukubwa wa kanga halisi, kiasi cha sentimita 150 kwa 110. Kundi moja lichukue pindo, na hao ndio wenye kazi ngumu, maana pindo lazima lijirudie bila kuchoka na likutane vizuri kwenye pembe. Kundi la pili lichukue mji, yaani sehemu ya katikati. La tatu, lile lililoshinda vita vya herufi, lichape jina, likiwa limelitunga lenyewe. Utashangaa wanavyojadiliana kuhusu jina. Kanga ya Izigo yaweza kuwa na miezi ya mgomba kwenye pindo na majani ya mbuni katikati, na hakuna kiwanda kilichowahi kuitengeneza.

Na kwa kuwa ziwa liko karibu, siku moja chapeni samaki. Wavuvi wa Japani walianza katika karne ya 19 kumpaka samaki wino na kumfunika kwa karatasi ili kuweka kumbukumbu ya ukubwa wa walichovua. Sanaa hiyo huitwa gyotaku. Sato mmoja anatosha darasa zima. Mkaushe kwa kitambaa, tandaza mapezi, mpake wino mwembamba wa mkaa na muhogo kuelekea mkiani, mfunike, mpapase kwa vidole. Magamba yote yanatokea, na jicho mtoto hulijazia mwenyewe. Kipindi kikiisha, sato anaoshwa na kwenda jikoni.

Neno moja kuhusu mvua. Eneo la Bukoba hupata kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka, na wino wa muhogo haupendi unyevu. Katika masika na vuli chapa nene hubaki mbichi hadi kesho, na zikirundikwa huota ukungu. Msimu huo chapeni kwa wino mwepesi, mtundike kazi kwenye kamba ndani ya darasa kwa vijiti vilivyopasuliwa. Kanga na kazi zote za wino mzito zisubiri Julai na Agosti.

Kila mtoto achape kazi yake mara mbili. Faida ya pekee ya uchapaji ni kwamba hakuna haja ya kuchagua kati ya shule na nyumbani: nakala moja inakwenda kwa mama, nyingine inabaki. Nyuma yake aandike jina na tarehe kwa penseli, kwa mkono wake, hata kama herufi zimepinda. Na ninyi walimu wakuu wa Izigo, Muhutwe, Kamachumu na kwingineko, nawaomba ukuta mmoja. Usiwe ule wa ofisini ambako wageni hupita. Uwe wa darasani, na chapa zibandikwe kwa urefu wa macho ya mtoto wa miaka sita, zote, bila kuchagua nzuri na mbaya, zibadilishwe kila mwisho wa muhula.